Nani Anapumua Kwenye Simu

Shambani, Dakota Kaskazini
12 Januari, 1958

Dada Borghild,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Einar na goti lake. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Juzi maziwa yalianza kuganda ndooni kati ya zizi na mlango wa jikoni, nami sikusimama njiani hata kupenga kamasi. Leander ana mafua na usiku anakoroma kama mashine ya kupura ngano, lakini chakula anakula, kwa hiyo simhurumii sana.

Binti yetu Bernadine ametimiza miaka minne na sasa ndiye mwenye nyumba. Soksi za sufu hazitaki, anasema zinamng'ata. Uji wa shayiri hali mpaka nimchoree herufi B kwa sukari juu yake, na B ikiyeyuka kabla hajaiona, kilio. Jumapili nilimkuta kamvisha paka kofia yangu ya kanisani, kamketisha mezani na sahani yake, na paka mwenyewe katulia kama mgeni wa heshima. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae kuandika. Ningekupigia, lakini laini yetu unaijua: nyumba nane kwenye waya mmoja. Simu ikilia kwa mmoja wanainua wote, wanaziba mdomo wa mkonga kwa kiganja na kusikiliza. Ningekupigia, Hulda Tveit angeyajua haya kabla yako. Mimi, unanijua, simu isiyo yangu siigusi. Mlio wetu ni mmoja mrefu na mifupi miwili. Ukilia mwingine wowote naendelea kukanda unga wangu. Majirani wanasema najidai. Waseme tu, na kweli najidai.

Basi wiki ya Krismasi Bernadine aliniambia, huku anatafuna mkate, "Mama, ng'ombe mwekundu wa Bi Hulda amekufa." Nikadhani ni michezo yake. Siku mbili baadaye Leander akarudi kutoka kiwanda cha siagi na habari hiyo hiyo. Nikajua mtoto anapanda kigoda ninapokuwa bandani kwa kuku, anainua simu na kusikiliza watu. Nikamgombeza, akaahidi, nikaamini.

Lakini leo asubuhi nilikuwa namfunga koti naye akawa anahesabu vifungo. Dada, alihesabu kwa Kinorwe. Moja, mbili, tatu hadi sita, kwa lafudhi ya kwetu kabisa, lafudhi ya mezani kwa Mama. Nikakiachia kifungo. Wewe unajua kwamba tangu siku Baba aliposema binti anayeolewa na Mkatoliki si binti yake tena, sijatamka neno moja la Kinorwe ndani ya nyumba hii. Miaka sita sasa. Leander ni Mjerumani, hata akitaka hawezi. Mtoto kalitoa wapi?

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki gani?"

"Yule anayepumua kwenye simu."

Nimekaa nikafikiri, na sioni mwingine ila Hulda. Ananichukulia mtoto kwa ulimi, pole pole, ili aje ajigambe kule kanisani kwao Walutheri kwamba mjukuu wa Baba, mzee Brandvold, ameokolewa kutoka kwa Papa. Nikimkamata nitamkomesha. Niambie wewe mkubwa wangu unaonaje, maana hapa nimechanganyikiwa.

Mdogo wako,
Arlys


Tacoma, Washington
2 Februari, 1958

Mdogo wangu Arlys,

Marahaba. Barua yako ilifika salama. Samahani kwa kuchelewa, jikoni shuleni tumepungukiwa na watu, nimekuwa nikimenya viazi vya watoto mia tatu hadi vidole vinaniota mizizi. Mvua ni ile ile. Goti la Einar ni lile lile. Anasema nimsalimie Leander na nimwambie alale upande, kukoroma kutapungua.

Bernadine na paka wake wametuchekesha sana. Nimemsomea Einar mara mbili.

Kuhusu habari ya simu, mimi naona usiikuze. Watoto wanaokota maneno kama kuku anavyookota punje, huwezi kujua kapata wapi. Kuhesabu hadi sita hakujamuua mtu. Kwa Hulda usiende. Nakuomba hilo kama mkubwa wako: usiende kwa Hulda, na usimfungie mtoto simu.

Nikuulize kitu kingine. Lile dirisha la jikoni, linalotazama shamba la Baba, bado umelitundikia pazia zito? Huwa hutazami nje hata kidogo? Moshi huoni? Nauliza tu.

Nakutumia uzi wa bluu, mfumie mtoto soksi zisizong'ata.

Dada yako,
Borghild


Shambani
16 Februari, 1958

Dada Borghild,

Shikamoo. Uzi umefika, ahsante, ni laini kama manyoya ya kifaranga. Ng'ombe wawili wamezaa. Mafua ya Leander yamekwisha, yamenihamia mimi.

Sikukuelewa kwenye barua yako. Nimeisoma mara kadhaa. Unaniuliza habari za pazia wakati mimi nakuuliza nani anamfundisha mwanangu! Pazia lipo, na litakuwepo. Baba alipita mbele yangu dukani mwaka ule, nina mimba ya Bernadine, tumbo hili hapa, akanipita kama anapita gunia la chumvi. Tangu siku ile upande ule siutazami. Hata jina lake Leander nimemkataza kulitaja.

Sasa kaa chini kwanza, kisha usome.

Jumanne nilifanya kama naenda bandani. Nikaubamiza mlango wa nje, nikavua buti, nikarudi kwa soksi hadi nyuma ya mlango wa stoo. Ilikuwa saa nne kamili. Simu haikulia kabisa. Bernadine akasukuma kigoda, akapanda, akainua mkonga na kusema, "Nimekuja. Umekula?"

Halafu akaanza kufundisha. Dada, kufundisha! Kwa sauti yangu mimi, ile ninayomtumia nikimvisha. "Sema kijiko. Hapana. Ki-ji-ko. Jaribu tena, mpenzi, usikasirike. Ukikasirika ulimi unajificha." Akasikiliza, akapiga makofi kwa mkono mmoja pajani. "Vizuri! Sasa wewe niambie cha kwako." Akasikiliza tena, kisha akarudia neno la Kinorwe la kijiko. Nililijua hata kabla hajalimaliza.

Nikatoka mafichoni. Akashtuka akataka kuuficha mkonga nyuma ya mgongo. Nikamnyang'anya nikauweka sikioni. Pumzi. Pumzi nzito ya mtu mkubwa, na nyuma yake ukimya wa ajabu, kama chumba kilichojaa watu walionyamaza. Nikasema, "Hulda, mwanamke usiye na haya, nimekukamata!" Nikajibiwa na kikohozi.

Borghild, kikohozi kile ningekitambua hata kaburini. Kikavu, mara mbili, halafu kusafisha koo. Kile alichokuwa akikohoa mezani kabla ya kutukemea. Alikuwa Baba.

Nilisema, "Baba?" Nikasubiri. Niliona aibu jinsi nilivyosubiri. Akatoa mlio kama "a... a...", halafu simu ikakatwa. Hata neno moja! Mtoto wangu anamwita kila siku, anamwimbia, anamuuliza kama amekula, lakini mimi nikimwita, anakata simu.

Nikamuuliza Bernadine kama anajua yule ni nani. Akasema, huku machozi yanamtoka, "Ni rafiki yangu. Hajui kusema vizuri. Bado mdogo."

Bado mdogo! Mzee wa miaka sabini na mbili anayeweza kumtoa ndama tumboni mwa ng'ombe kwa mikono miwili. Nikaona anajifanya mtoto ili amvute mwanangu, kidogo kidogo, mpaka siku moja mtoto aseme anataka kuhamia kwa babu. Alininyima mimi, na sasa anataka kunichukulia huyu.

Jioni nikamwambia Leander aing'oe simu na kuipandisha juu ukutani, mtoto asiweze kuifikia hata kwa kigoda juu ya kiti. Nilimweleza sababu. Nilitegemea atapiga meza. Akaitazama sahani yake, akasema, "Arlys, una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaipandisha bila kusema neno lingine, na hiyo nayo imenikaa rohoni, maana Leander si mtu wa kunyamaza.

Bernadine amesusa. Uji hataki, B au bila B. Saa nne ikifika anakaa chini ya simu na paka wake. Nami sijui nifanye nini. Niandikie upesi.

Arlys


Shambani
9 Machi, 1958

Dada,

Nimengoja barua yako hadi nimechoka kutembea kwenda sandukuni. Leo sina salamu ndefu. Sote tunapumua.

Ijumaa Hulda Tveit alikuja kwangu. Kwa miguu, kwenye theluji, mama wa miaka sitini, na keki ya mdalasini chini ya shali yake. Tangu niolewe hakuna mwanamke wa kanisa lile aliyewahi kukanyaga sakafu yangu. Nilimkaribisha kwa sababu nilishindwa kufungua mdomo kumkatalia. Akakaa, akakata keki mwenyewe kama vile nyumba ni yake.

Akaanza na hali ya hewa. Akaja kwenye kuku. Akaja kwenye ng'ombe wake marehemu. Nikamwambia, "Bi Hulda, sema ulichokuja kusema, unga wangu unaumuka."

Akasema, "Mrudishe mtoto kwenye simu."

Nikamuuliza yeye anahusikaje na mtoto wangu na simu yangu. Akaweka kisu chini. "Arlys, tunasikiliza. Wote. Tangu mwezi wa kumi na moja. Saa nne tunaweka kahawa jikoni na kuinua mikonga. Mume wangu ameacha kutoka saa hiyo, anaondoka bandani anakuja kukaa karibu yangu, sikio kwa sikio. Gunvor, mke wa mchungaji, alihamisha saa ya kufua."

"Mnasikiliza nini? Mtoto anamfundisha babu yake kusema kijiko?"

Akanitazama. "Ina maana kweli hujui," akasema. "Mungu wangu. Tulidhani unajidai tu."

Ndipo akanieleza. Dada Borghild, nadhani unajua alichonieleza. Nadhani wewe ulijua siku nyingi, ila mimi acha niandike jinsi nilivyosikia, ili ujue ilivyo kusikia jambo hilo kutoka kwa jirani, na keki mdomoni. Kwamba Baba alianguka zizini mwezi wa kumi na moja. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka yote, Kiingereza na Kinorwe. Alipoanza kutoa sauti ilikuwa kama ya ndama. Aliona aibu hadi akawafukuza watu kwa fimbo. Mume wa Hulda anamkamulia ng'ombe, wengine wanamletea chakula na kukiacha kizingitini. Hakutaka mtu amsikie. Ila asubuhi alikuwa akiinua simu apate kusikia sauti za watu, basi.

"Siku moja," Hulda akasema, "sote tupo kwenye laini, tunamngoja Gunvor aanze maongezi, na mtoto wako naye akawa amepanda kigoda. Akauliza, 'Nani anapumua hapo?' Arlys, wanawake wote tuliziba pumzi. Nilikuwa karibu kuzimia. Lakini baba yako hakuziba, labda hakuweza. Mtoto akasema, 'Wewe unayepumua, unaitwa nani?' Mzee akatoa ule mlio wake. Sisi tukafumba macho kwa aibu yake. Naye mtoto akasema, 'Hujui kusema? Usijali, nitakufundisha. Mama alinifundisha mimi.'"

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikakaa tena.

"Alianza na maji," Hulda akasema. "Wiki nzima, maji. Siku aliyolipata, mume wangu alilia kwenye kahawa yake. Sasa ana maneno mengi, na ya Kinorwe yalianza kurudi yenyewe, ndiyo anamlipa mtoto kwa hayo. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisema jambo hili. Sisi, Arlys! Tunaosema hadi rangi ya chupi za watu! Kwa sababu angejua tunasikia angeacha. Halafu wewe ukatukana kwenye laini na kuipandisha simu juu. Sasa ni karibu mwezi. Chakula kinabaki kizingitini. Mume wangu anasema maneno yameanza kumtoka tena."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia mapema. Akajibu, "Kila mtu aliyetaja jina lako mbele ya baba yako alitikisiwa kichwa. Na wewe, kila aliyetaja jina lake alionyeshwa mlango. Tungepita wapi?" Kisha akanyanyuka na kujifunga shali. Mlangoni akageuka. "Kuna jingine nimelisikia kwenye simu hiyo, lakini mimi ni Mlutheri, midomo yangu hailisemi. Utalisikia mwenyewe."

Leander aliporudi nilimsimamia mlangoni. Nikamuuliza kama alijua kwamba Baba ni mgonjwa. Akavua kofia. "Nilisikia kiwandani kabla ya Krismasi. Ulinikataza jina lake ndani ya nyumba hii, Arlys. Nilijaribu mara mbili. Mara ya pili ulitoka mezani."

Kwa hiyo wote. Mume wangu, dada yangu, mke wa mchungaji, mume wa Hulda na kahawa yake. Wilaya nzima ilijua kinachotokea jikoni kwangu, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye msimamo wa kutosikiliza simu za watu. Nina hasira na kila mmoja wenu, na wewe ndiye wa kwanza.

Nimelifungua pazia. Moshi wa Baba ni mwembamba sana.

Arlys


Tacoma
14 Machi, 1958

Mdogo wangu Arlys,

Imekufikia, basi. Hulda aliniandikia siku ya pili baada ya Baba kuanguka, ndiyo, nilijua. Radhi sikuombi. Ningekwambia Novemba ungevaa buti ungekimbia hadi mlangoni kwake, naye angekufungia mlango usoni, bila hata maneno ya kujieleza safari hii, nawe ungerudi nyumbani umekatika vipande. Mara ya kwanza nilikuokota mimi. Safari hii mimi niko Tacoma.

Halafu Hulda akaniandikia habari ya mtoto, nikaona Mungu ameshika kazi, mimi ninyamaze.

Simu ishushwe. Nimesema. Hasira yako ni haki yako, una haki nayo yote, hata ya kumkasirikia mgonjwa. Lakini usimfanye Bernadine aibebe. Ametafuta rafiki akampata, na wewe hukumchagulia.

Hulda ananificha jambo hata mimi. Ameandika, "Brandvold amesema kitu ambacho kikifika kwa wakuu wa sinodi yetu watatufukuza sote," halafu akaendelea na habari za maharage. Ukikijua kitu hicho niandikie siku hiyo hiyo, la sivyo nitapanda treni.

Borghild


Shambani
20 Machi, 1958, asubuhi

Dada yangu,

Shikamoo, na usome ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika jana. Leo baada ya uji nilimwambia Leander aishushe simu. Akachukua bisibisi papo hapo. Bernadine akaleta kigoda chake na kukaa juu yake, mikono mapajani, kama yuko kanisani. Saa nne nikamwambia, "Leo naanza mimi." Akakubali, ila akaniambia nisipige kelele, rafiki yake hajisikii vizuri akipigiwa kelele. Kajuaje, sijui.

Nikainua. Nilisikia mikonga mingine ikiinuliwa, tik, tik, tik, wote hao. Nikasema, "Baba." Nikasikia kitu kwa mbali mno, kama mtu aliye chini ya blanketi. Unakumbuka jinsi kila mkonga unaoinuliwa unavyoinyonya sauti. Nikasema tena, "Baba, ni Arlys. Usikate." Alisema kitu, nikakikosa.

Basi nikapasuka. "Jamani! Najua mpo! Hulda, Gunvor, na wewe mume wa Hulda! Wekeni simu chini. Nawaombeni. Simsikii baba yangu!"

Tik. Halafu nyingine. Na kila walipoweka, pumzi zake zilisogea, zikasogea, hadi nikahisi amesimama hapo pembeni ya jiko langu. Nilikuwa na maneno, dada, maneno ya miaka sita, nimeyapanga nikiosha vyombo, nimeyanoa. Ningemwuliza kuhusu ile siku ya dukani. Yote yalipotea, sikubaki na hata moja. Nikawa kama yeye.

Ndipo alipoanza. Taratibu, bila kukwama, kwa Kiingereza, sauti ile ile iliyokuwa ikitusomea katekisimu.

"Salamu Maria," akasema Baba. "Umejaa neema. Bwana yu nawe."

Borghild! Brandvold! Aliyesema afadhali anifukie kaburini kwa koleo lake mwenyewe kuliko kuniona nimepiga magoti mbele ya sanamu! Aliyekataa kununua ngano ya mbegu kwa mtu aliyevaa rozari! Nilimtazama Leander, nadhani mdomo wangu ulikuwa wazi, maana alikuja kunishika kiwiko. Baba akaendelea hadi "amebarikiwa", neno kwa neno, halafu akanyamaza. Hakukata. Alikuwa anangoja.

Bernadine akanivuta aproni. "Mama, jibu. Zamu yako sasa. Yeye husema ile, halafu mimi nasema hii."

"Umemfundisha hii?"

"Ndiyo anayoiweza yote mpaka mwisho. Mengine bado anakosea."

Nikaelewa. Mtoto alimfundisha alichofundishwa, hakujua kwamba kuna maneno ya upande huu na ya upande ule. Na yule mzee, kwa neno moja moja, alilipokea kila alilopewa, kwa sababu hakuwa na jingine. Leo mimi nimempigia, akatafuta ndani mwake kitu kizima cha kunipa, kisichovunjika njiani, akakuta hicho tu.

Nikamjibu. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu." Nilifika pale kwenye saa ya kufa kwetu nikashindwa. Akanisubiri. Baba, aliyekuwa hasubiri hata supu ipoe, akanisubiri nimalize, tukasema amina pamoja.

Halafu nikasikia mtu anapenga kamasi. Kwenye laini.

"Hulda," akasema Baba, waziwazi, kwa hasira ile ile ya siku zote, "weka simu chini!"

Tik. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Sentensi hiyo hakuna aliyemfundisha.

Akakohoa mara mbili. Nikajiandaa kukemewa. Akasema, "Njoo." Nikasema nitakuja, Baba, leo leo. Akasema, "Na... na..." akakwama. Nikamuuliza, Bernadine? Akakataa, "Mm-mm," kwa ukali. Akajaribu tena, nikasikia jinsi anavyohangaika, pumzi zinapanda. Bernadine akauchukua mkonga mkononi mwangu, akasema kwa ile sauti ya ualimu, "Usikasirike. Tulijifunza, umesahau? Le-an-der."

Nikaugeuza mkonga kati yetu sisi watatu. Tukamsikia. Ilimchukua mara tatu, lakini alilisema lote, jina la mume wangu, ambalo tangu nimfahamu halijawahi kupita kinywani mwake. Leander alibaki amesimama na bisibisi mkononi. Halafu akaenda chumbani, akarudi amevaa koti lake la kanisani juu ya ovaroli ya zizini, akatoka kuwasha gari.

Naandika haya nikiwa na buti miguuni, nitampa Hulda njiani aitie posta, utanisamehe mwandiko. Sijui nitamwambia nini nikifika. Pengine sitamwambia kitu, nitamkandia unga tu. Bado nina hasira naye, dada, ipo, naibeba naenda nayo.

Bernadine amevaa soksi za sufu bila vita. Nilipokuwa namfunga skafu alininong'oneza, "Mama, rafiki yangu ana uso?" Nimemwambia ndiyo, anao, na pua yake ni kama ya kwako.

Leander anapiga honi.

Mdogo wako,
Arlys